Kazi isiyo na risiti: sheria inavyoupima mchango wa mke

Ndoa inapofikia kuvunjwa mahakamani, lawama nyingi huwa zimeshasemwa kwenye baraza la usuluhishi. Kinachobaki ni nyumba, kiwanja, shamba, pengine pikipiki au mashine ya kusaga, na swali ambalo mke huulizwa kuliko mume: wewe ulichangia nini? Mume mara nyingi ana majibu mkononi. Ana hati ya mauziano, risiti za saruji na nondo, taarifa ya benki. Mke amezaa, amelea, amepika, amefua, amemuuguza mama mkwe, amesimamia mafundi wakati mume yuko kazini. Kila aliyemo chumbani analijua hilo, hakimu akiwemo, lakini halina karatasi.

Nimelichagua swali hili kwa sababu watu wakisikia "mtazamo wa kifeministi kuhusu sheria" wengi hudhani ni mambo ya semina, au ugomvi wa wanawake na wanaume. Kiini chake ni kuisoma sheria huku ukiuliza: ilipoandikwa, maisha ya nani yalifanywa kipimo? Sheria inaweza isimtaje mwanamume wala mwanamke hata mara moja. Inaweza kusema tu kwamba kila mtu apate kadiri alivyochangia, na ikasikika ya haki kabisa. Lakini kama kinachokubalika kuwa mchango ni kile anachokifanya mwenye mshahara, basi sheria hiyo imeshachagua upande kabla kesi haijafunguliwa.

Tanzania Bara ilianza mapema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilichota mengi kutoka kwenye kazi ya tume iliyoundwa Kenya mwaka 1967 kuchunguza sheria za ndoa na talaka. Kenya yenyewe haikuitumia. Muswada uliotokana na tume hiyo ulikataliwa bungeni zaidi ya mara moja katika miaka ya 1970, na miongoni mwa mambo yaliyowaudhi baadhi ya wabunge ni pendekezo la kumzuia mume kumpiga mkewe. Tanzania ikapitisha. Kifungu cha 56 kinampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Kifungu cha 59 kinamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga.

Kisha kuna kifungu cha 114. Mahakama inapotoa talaka ina uwezo wa kuamuru mgawanyo wa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja. Inatakiwa iangalie mila za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Ikishayapima hayo, ielekee kwenye mgawanyo sawa.

Kazi imetajwa, lakini sheria haikusema ni kazi gani. Kwa zaidi ya miaka 10 majaji wa Mahakama Kuu walivutana. Kundi moja lilisema kupika na kulea ni wajibu wa mke tu, haviongezi tofali kwenye nyumba. Jingine lilisema mume asingeweza kujenga kama si mtu wa kumshikia nyumba. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikalimaliza jambo hilo katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ilisema sheria hii ilitungwa kuondoa unyonyaji na ukandamizaji wa kijadi wa wanawake walioolewa, hivyo isomwe kwa shabaha hiyo, na kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Hukumu hiyo inatajwa mpaka leo karibu katika kila shauri la mgawanyo wa mali nchini.

Wengi huishia hapo wanapoisimulia, na ndipo wanapoikosa nusu ya pili. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mumewe, baharia, alikuwa amempa fedha za kuendeshea biashara ya familia, na mahakama ikaona amezitapanya. Ikasema mwenendo huo ulifuta mchango wake. Itazame hesabu hiyo kwa makini. Fedha za mume zilifuatiliwa hadi zilikoishia. Miaka ya mke ya kazi ya nyumbani ilitambuliwa kwa maneno, lakini haikuwekewa thamani yoyote, si kwa shilingi wala kwa sehemu. Sasa, utatoaje deni kutoka kwenye kitu ambacho hujakipima? Kama kazi ile ilikuwa na thamani kubwa kuliko fedha zilizopotea, mke alistahili salio. Kanuni ilishinda, lakini mizani ilibaki ileile ya zamani. Wafeministi wa sheria wamelishikilia jambo hili kwa sababu linajirudia nchi baada ya nchi: haki inaandikwa upya, ila namna ya kuithibitisha haiguswi.

Tuchukue familia ya kawaida ya Mbagala au Buza, Dar es Salaam. Mume ni dereva wa lori, mke anapika maandazi alfajiri na mchana ana genge. Wanakubaliana kama wanandoa wengi wanavyokubaliana: wewe lisha nyumba, mimi nijenge. Basi fedha ya genge inanunua unga, mafuta, mkaa, daftari na sare za shule. Mume anaacha kodi ya meza mara moja moja, mshahara wake unakwenda kwenye kiwanja, tofali, bati. Kama mke asingelisha nyumba, mshahara huo ungeishia kwenye unga na mkaa, na msingi usingechimbwa. Lakini fedha yake imeliwa, na chakula kilicholiwa hakina risiti. Fedha ya mume imesimama, ina kuta na paa.

Siku ya kununua kiwanja wanakwenda wote ofisi ya serikali ya mtaa. Hati inaandikwa kwa mkono: muuzaji fulani, mnunuzi fulani, yaani mume. Chini kuna nafasi za mashahidi. Kaka wa mume anasaini, jirani wa kiwanja anasaini, kisha mwenyekiti anamgeukia mke: na wewe mama, weka sahihi hapa, shahidi. Anaweka kwa furaha. Baadaye, ndoa ikiharibika, hati ileile inaletwa mahakamani, na wakili wa mume anamuuliza: hii ni sahihi yako? Ulisaini kama nani? Ukweli wa miaka yote ya ndoa unabanwa ndani ya neno moja lililoandikwa haraka juu ya meza ya mtaa. Hakuna aliyekusudia ubaya siku ile. Huo ndio ugumu wa mfumo dume katika sheria: haumhitaji mtu mbaya ili ufanye kazi.

Kwa mke asiye na kipato kabisa, anayeitwa mitaani golikipa, hali ni ngumu zaidi. Jina lenyewe linaeleza jamii inavyomwona: amekaa langoni wakati wengine wanacheza.

Kenya ilipita njia ndefu zaidi. Kwa kuwa Bunge halikutunga sheria yake, mahakama ziliendelea kutumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali za wanawake walioolewa, pamoja na hukumu za Uingereza zilizoifafanua. Moja ya hukumu hizo ni ya shauri la Gissing la mwaka 1970. Wanandoa walioana mwaka 1935, nyumba ikanunuliwa mwaka 1951 kwa jina la mume. Mke, aliyekuwa akifanya kazi, alitumia takribani pauni 220 kwa samani, vyombo na kupanda majani ya uwanja, na alijinunulia nguo zake na za mtoto. Mahakama ya juu ya Uingereza ikasema hayo hayampi sehemu ya nyumba. Utaona ni hesabu ileile ya genge na tofali, ila imefanyika nje ya London.

Mwaka 1991, katika shauri la Kivuitu, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilijaribu kulegeza: mke anayelipia chakula, nguo na mahitaji ya watoto anachangia kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Lakini mwaka 2007 shauri la Echaria likaurudisha mlango. Mume alikuwa balozi. Mke alimfuata katika vituo vya kazi na kulea watoto. Mahakama Kuu ilikuwa imempa nusu ya shamba la Tigoni. Mahakama ya Rufaa ikaishusha hadi robo, ikieleza kwamba kuwa mke wa mwanadiplomasia na kuzaa watoto si mchango wa kununua mali. Majaji wenyewe walisikitika kwamba Bunge la Kenya lilikuwa halijatunga sheria ya mambo haya. Linaloniuma katika hukumu hiyo ni kwamba Uingereza ilikuwa imeshaiacha njia hiyo. Ilibadili sheria yake mwaka huohuo wa 1970, na mwaka 2000, katika shauri la White, mahakama yao ya juu ilisema waziwazi kusiwe na upendeleo kwa mleta fedha dhidi ya mtunza nyumba. Wakenya walikuwa wanahukumiwa kwa kanuni ambayo Waingereza wenyewe wameshaitupa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 45(3), ikaleta maneno mapya: wanandoa wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakati wa ndoa na inapovunjika. Wanawake wengi walielewa kwamba nusu kwa nusu imefika. Sheria ya Mali za Ndoa ya mwaka 2013 ilitoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine. Kifungu cha 2 kina tafsiri pana ya mchango: kazi za nyumbani, malezi, uandamani, kusimamia biashara ya familia, kazi za shamba. Kifungu cha 7 kikasema umiliki ni kadiri ya mchango wa kila mmoja. FIDA Kenya, shirika la wanasheria wanawake, wakakipinga mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikawakatalia. Januari 2023 Mahakama ya Juu, katika shauri jingine, ikatoa neno la mwisho: usawa wa ibara ya 45(3) si amri ya kugawa nusu kwa nusu, kila mmoja athibitishe mchango wake, na kazi ya nyumbani ithaminiwe. Katika shauri hilohilo mke aliyekuwa amepewa asilimia 30 ya nyumba na 20 ya vyumba vya kupangisha na Mahakama Kuu alibaki na nusu aliyopewa kwenye rufaa, kwa sababu ushahidi wake ulitosha. Uganda ilikuwa imeshafikia msimamo unaofanana mwaka 2013 katika Mahakama ya Juu yake.

Rwanda ilichagua njia nyingine tangu sheria ya mwaka 1999: wanaofunga ndoa ya kiserikali huchagua mfumo wa mali, na wasipochagua mali huwa ya wote wawili. Kwa sheria hiyo hakuna aliyeulizwa alichangia nini. Udhaifu wake ni kwamba wanaoishi pamoja bila cheti hubaki nje, na hao ni wengi. Sheria ya Tanzania, kwa kifungu cha 160, angalau huwadhania kuwa mke na mume watu walioishi pamoja miaka 2 na kujulikana hivyo na jamii. Kwa jirani zetu wa Kongo, mpaka marekebisho ya mwaka 2016 mke alihitaji idhini ya mumewe hata kufanya mapatano ya kisheria. Kila nchi ina pale ilipokwama.

Je, nusu kwa nusu ndiyo dawa? Hapa wanawake wenyewe hawakubaliani, na mabishano yao ni ya maana. Wanaoitaka wanasema bila kanuni ya nusu, mwanamke maskini hana wakili wala nyaraka za kumshinda mumewe. Wengine wanajibu kwamba yuko mke aliyelima peke yake, akasomesha peke yake, wakati mume alikuwa kilabuni. Kumpa huyo mume nusu kwa jina la usawa ni kumwibia mke. Kuna pia hoja ya ndoa fupi: je, aliyeolewa mwaka jana avune jasho la miaka 20 la mtu mwingine? Hoja hii husemwa kwa kejeli, eti wanawake wawindaji mali, lakini yenyewe ina jibu jepesi: mali iliyochumwa kabla ya ndoa hutengwa na iliyochumwa ndani yake. Ndoa za wake wengi zinaongeza ugumu. Sheria ya Kenya, kifungu cha 8, inasema mali iliyochumwa na mume na mke wa kwanza kabla ya kuoa wa pili ni ya hao wawili kwa usawa. Huko kwenye wake wengi sheria iliweza kutamka usawa bila kuuliza risiti. Kwenye ndoa ya mke mmoja ikasita.

Pwani hoja nyingine husikika: Uislamu umeshatenganisha mali ya mke na ya mume, matunzo (nafaqa) ni juu ya mume, basi mke adai nini zaidi? Sheria ya Kenya inaruhusu Waislamu kufuata sheria yao. Lakini hoja hiyo ina upande ambao hausemwi barazani. Wanazuoni wengi wa madhehebu ya Shafi, ndiyo madhehebu ya pwani yetu, wanasema kupika na kufua si wajibu wa mke kisheria. Kama si wajibu, basi miaka aliyofanya hivyo ametoa kitu chake mwenyewe. Malaysia, ambako Waislamu nao ni wa madhehebu hayo, mahakama za kiislamu hugawa mali iliyochumwa ndani ya ndoa na huutambua mchango wa mke nyumbani. Kwa hiyo anayetumia dini kuufunga mjadala huu ameuanza tu.

Upo pia mkanganyiko ambao haujadiliwi vya kutosha. Mke wa Tanzania aliyeachika ana kifungu cha 114. Aliyefiwa, kama mirathi itaamuliwa kwa mila, anakutana na tamko la sheria za kimila la mwaka 1963, lisemalo kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao. Wajane wawili wa Shinyanga walilipinga tamko hilo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mila hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzibatilisha. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki zao. Ukiziweka sheria mbili pamoja, mwanamke aliyevumilia ndoa hadi kifo anaweza kupata kidogo kuliko aliyeivunja. Sioni namna ya kuitetea hali hiyo, si kwa mila wala kwa sheria.

Msimamo wangu ni kwamba tatizo si neno mchango, bali ni nani anabebeshwa mzigo wa kuthibitisha. Leo anaubeba asiye na jina kwenye hati. Sheria ingeanza na nusu kwa kila mali iliyochumwa ndani ya ndoa, kisha anayetaka zaidi ya nusu, mume au mke, ndiye alete ushahidi kwa nini. Yule mke aliyelima peke yake angebaki na nafasi ya kudai asilimia 70. Ndoa ya miezi 8 ingejieleza yenyewe. Na mahakama isingehitaji kubuni bei ya kubeba mimba. Kamati ileile ya Umoja wa Mataifa ilishasema mwaka 1994 kwamba michango ya fedha na isiyo ya fedha ipewe uzito sawa, na Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003 kuhusu haki za wanawake Afrika inataka mgawanyo wa haki wa mali ya pamoja ndoa inapovunjika. Maneno ya kifungu cha 114, kuelekea kwenye usawa, yanaweza kusomwa hivyo hata bila Bunge kubadili nukta. Inahitaji majaji wayaanzie hayo badala ya kuyaishia.

Mpaka hapo, kuna mambo ambayo mwanamke anaweza kuyafanya sasa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 161, inasema ardhi ikiwa kwa jina la mwanandoa mmoja lakini mwenzake akachangia kwa nguvu zake kuizalisha, kuitunza au kuiendeleza, naye anahesabiwa kuwa na maslahi katika ardhi hiyo. Mawakili wengi hawakitaji, kitaje. Kwenye hati ya mauziano andikeni wanunuzi wawili, na kama mwenyekiti wa mtaa anakuelekeza kwenye nafasi ya shahidi, mwambie wewe ni mnunuzi. Nyumba ya familia iliyosajiliwa inaweza kuwekewa zuio kwa Msajili wa Hati ili isiuzwe nyuma ya mgongo wako. Daftari la kikoba, ujumbe wa kutuma fedha kwa simu, kadi za kliniki za watoto na ripoti zao za shule vyote ni ushahidi, vitunzwe mahali pamoja. Mahakama ya Mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili na inapokea mashahidi wa mdomo: fundi uliyempikia na kumlipa, mwenye duka la vifaa uliyemletea fedha, mama jirani aliyekuona ukibeba maji ya kumwagilia tofali. Waiteni kwa majina, waeleze walichokiona, na muombe hakimu akiandike.